Kuni Iko Njiani

Madame Abigaïl aliinua rula juu, na watoto wote wakanyamaza pale pale chini ya mabati ya shule.

"Adolphine, weye husikie? Hapa katikati kwiko tundu."

"Nasikia, Madame."

"Bote banapiga kifua, kifua, kofi. Ule wako anapiga paka kofi, kofi tu. Ingine wakati anasimama, mikono iko chini, kama muntu anangoya bus. Bageni batasema tuliwafundisha nini?"

Watoto wakacheka. Yule "wako" alikuwa Kabange, mtoto wa Adolphine mwenyewe. Alikuwa amesimama kwenye mwisho wa mstari, tiriko yake, sweta ya sufu, imemfunika hadi vidole kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Hakucheka na hakulia. Alitazama upande wake wa kuume, mahali pasipokuwa na mtu.

Madame Abigaïl hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkurugenzi wa shule ndogo ya kulipia, siku ya proclamation ilikuwa karibu, na wageni walialikwa kuja kusikia matokeo na kutazama watoto. Mwaka uliopita aliweka muziki wa redio na spika ikakatika katikati. Ndiyo sababu safari hii alimwita Adolphine, ambaye wamama wa mtaa wa Annexe walimjua kwa nyimbo zake.

Shule haikuwa na ngoma, na Adolphine hakuitaka. Aliwaambia watoto ngoma wanazo tayari. Kifua ni ile kubwa, inasikika mpaka ndani ya tumbo. Paja ni ile ndogo. Mguu unaita vumbi, na kofi linajibu. Mtoto akikosa hakumgombeza. Alimchukua kiganja, akakiweka juu ya paja lake mwenyewe, akaimba polepole mpaka kile kiganja kianze kuruka chenyewe. Wengi walijifunza hivyo. Hata wale wadogo wa maternelle, darasa la chekechea, ambao bado walikojoa wakicheka, walishika.

Ni wimbo mmoja tu uliowapa shida. Upande mmoja unauliza, "Moto iko wapi?" Kisha kifua, kifua. Upande mwingine unajibu kwa kofi, "Kuni iko njiani!"

"Ijumaa nitasikia tena," Madame akasema. "Kama Kabange atafanya tena vile, atabakia mu classe siku ya proclamation. Nasikitika, mais ni vile."

"Madame, ni mutoto wa nyimbo. Ukimutosha mu mustari..."

"Ni bote ao hapana, Adolphine."

Baada ya hapo akaanza kugawa mashati. Yalikuwa ya kitambaa kimoja, ya manjano, yameshonwa kwa ajili ya siku ile. Wamama waliokuja kuchukua watoto walisimama kwenye mstari. Adolphine alipofika mbele, alisema kwa sauti ndogo:

"Mbili, Madame."

"Mbili nini?"

"Mashati ya Kabange."

Madame akamtazama juu ya miwani. "Mutoto moya, mashati mbili? Mama, hii ni shule, haina soko ya mitumba."

Nyuma mtu akacheka kwa pua. Adolphine alihisi masikio yakimwaka moto. "Ingine ni ya ndugu yake."

"Adolphine." Madame akashusha sauti, alikuwa amefika matangani, alijua. "Kyungu alishakufa."

"Kyungu alienda kuni, Madame."

Wale wamama wenye asili ya kaskazini, wanaojua miiko ya mapasa, watoto mapacha, wakaacha kucheka. Mmoja akajifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wake. Madame akasita, kisha akavuta shati la pili kutoka chini ya fungu, akalitupa juu ya lile la kwanza kama mtu anayetupa chakula kwa kuku.

"Chukua. Mais sitaki kusikia bengine banaomba."

Huko nje watoto walikuwa wamemzunguka Kabange. "Nusu! Nusu!" walimwita, wakarukaruka. Fils, mtoto wa jirani, alikuwa na kifua kipana na alijivunia. Yeye peke yake hakuimba lile jina. Alisema, "Acheni. Kama ni kazi ya kupiga kifua, miye nitamupigia. Tazameni!" Akajipiga mpaka akakohoa.

Adolphine alikumbuka neno lile la Fils njia nzima kwenda nyumbani.

*

Nyumbani Nkambo Constance alikuwa ameshawasha mbabula, jiko la makaa. Alikuwa bibi wa Kabange, mama wa Constantin, mume wa Adolphine, mjane wa mtu wa reli, na rozari yake ilining'inia kwenye msumari pamoja na kichujio cha unga. Alisonga bukari, ugali wa kila siku, akaipakua katika sahani mbili ndogo zinazofanana, akaziweka mbele ya Kabange. Tangu mapasa waache ziwa, kila kitu kilikuwa viwili viwili. Haikubadilika hata sasa.

"Kula ya kwako," Nkambo akamwambia mtoto. "Ile ya Kyungu itakungoya. Akichelewa, utamusaidia."

Kabange akala sahani ya kwanza, kisha polepole ya pili, kama kawaida.

Kyungu alikufa wakati wa mvua, kwa homa iliyomchukua kati ya Jumapili na Jumanne. Adolphine alipofungua kinywa kulia, Nkambo alimshika mikono yote miwili kwa nguvu ambayo hakujua mama mzee anayo. "Usilie! Mapasa habaliliwe. Ukimulilia ule, atamwita mwenzake. Sema alienda kuni." Wanawake wakaanza nyimbo za mapasa, nyimbo za kuchekesha, zenye matusi, kama siku walipozaliwa. Adolphine akaimba pamoja nao. Kila neno lilipita kooni kama mwiba wa samaki.

Constantin hakuwapo. Alifanya biashara ya samaki, na siku ile lori lilimharibikia Kasomeno, akabaki pembeni ya barabara na magunia yake mpaka kipuri kifike. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limefungwa na mlangoni hakuna mtu anayelia. Alikaa muda mfupi, akarudi Kasenga kwenye samaki. Tangu hapo alirudi, akaenda, akarudi, akaenda, na kila mara alileta samaki wengi kuliko nyumba inavyoweza kula.

Adolphine alikuwa amewafundisha mapasa ule wimbo ndani ya beseni ya kuogea. Kyungu alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo Kyungu aliuliza. Alijipiga kifua chenye povu, puu, puu, na Kabange akajibu kwa kofi mpaka maji yakaruka ukutani. Hakuna aliyewahi kushika sehemu ya mwenzake. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja ingehitajika.

"Mama," akamwambia Nkambo jioni ile, huku akikunja yale mashati mawili. "Banataka kumutosha Kabange mu nyimbo."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Hapige kifua."

Nkambo akageuza makaa kwa kijiti. "Atapiga namna gani? Haina yake, ni ya Kyungu."

Adolphine aliweka mashati chini. Alimtazama mtoto aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti, mgongo umeegemea upande mmoja tu wa mlango, amemwachia mtu mwingine nafasi ya kupita. Tangu wakati wa mvua Kabange alisema maneno machache. Hakucheza mpira, hakugombana, hakuomba kitu. Kofi lile lilikuwa ndilo neno pekee alilosema kwa nguvu. Wakimwondoa kwenye mstari, Adolphine aliwaza, atabaki na nini? Na mtoto asiye na neno hata moja, si atamfuata ndugu yake kimya kimya, bila mtu kulia hata?

Akaogopa. Na kwa ile hofu akafanya alichofanya.

*

Alhamisi alimchukua Fils kwa bega, akamsimamisha kuume kwa Kabange.

"Weye utapiga kifua. Yeye atajibu. Munasikia?"

"Nasikia, Mama Adolphine!" Fils akatanua kifua. "Kabange, usiogope, miye niko."

Wakaanza. "Moto iko wapi?" Fils akajipiga, puu, puu, kwa mapigo sawasawa kabisa, mazuri, hata Madame Abigaïl aliyekuwa akipita na vitabu akasimama, akatikisa kichwa kukubali.

Kofi halikuja.

Kabange alikuwa ameangalia mkono wa Fils. Kisha akaangalia mama yake, muda mrefu, kama mtu aliyekuta mlango wa kwao umefungwa na komeo jipya. Akaficha mikono ndani ya tiriko, na hakuitoa tena mpaka mwisho wa somo. Adolphine alimchukua kiganja, akakiweka juu ya paja lake, akaimba. Kiganja kilikaa pale kama kitambaa kilicholowa.

"Anachoka," akawaambia watoto wengine. "Tuendelee."

Mchana ule Kabange hakugusa sahani. Wala ya kwake, wala ya ndugu yake. Nkambo akamgusa shingo, haikuwa na moto. Akamwangalia ulimi. Akamuuliza Adolphine kama mtoto amekula kitu njiani, na Adolphine akasema hapana, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Ndipo Fils akatokea kwenye ua wa majani, mdomo umejaa muwa.

"Nkambo! Nkambo Constance! Unajua? Sasa ni miye Kyungu!"

Nkambo akageuka polepole. "Nani alikwambia?"

"Mama Adolphine! Napiga kifua kumupita. Hata Madame anapenda!"

"Enda kwenu, baba," Nkambo akasema kwa upole. "Enda kula."

Alingoja mpaka miguu ya Fils isisikike. Kisha akasimama mbele ya beseni ya nguo.

"Ulimupa muntu nafasi ya Kyungu?"

"Mama, nilitaka tu basimutoshe..."

"Ulimupa muntu nafasi yake! Mbele ya mwenzake! Kule ku kaburi hatukumuzika, tulisema alienda kuni. Weye ndjo ulimuzika jana... leo! Ku shule! Na batoto banaimba!" Sauti ya mama mzee ilikuwa inapotea njia. "Sasa mutoto atamungoya nani? Eh? Atakula juu ya nini?"

"Na miye?" Adolphine akainuka, povu likimtiririka mpaka viwikoni. Hakuwahi kumjibu mama mkwe wake kwa sauti ile. "Na miye mama? Machozi yangu nitaitia wapi? Munanishika mikono, munanifunga kinywa, Constantin anakimbilia samaki yake, na miye niko naimba, naimba, naimba kama mulevi! Nilitaka mutoto moya abakie. Moya tu!"

Kabange aliwatazama kutoka kizingitini. Wote wawili wakamwona.

Nkambo akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

"Unazania miye ni jiwe?" akasema mwisho. "Alikuwa anakuya kulala hapa ku mugongo yangu. Baridi hii yote, mugongo inamutafuta." Akavuta pumzi. "Sikukukataza kumutaka, mwana wangu. Nilikukataza kumulilia. Muntu akienda kuni, haumupe mwingine kiti yake. Unaiacha. Unamungoya."

Adolphine akazamisha mikono tena ndani ya maji. Alifua shati lile lile mara nyingi. Alipolitundika kwenye kamba, vidole vyake vilikuwa vimeanza kupiga kitu juu ya kitambaa. Vikapiga, vikakaa hewani, vikapiga tena.

*

Ijumaa alianza na Fils.

"Fils, kifua yako ni ya nguvu. Nakutaka kule mbele, mu katikati, batoto badogo bakutazame."

"Na Kyungu?"

"Kyungu iko na nafasi yake. Hatuiguse."

Fils alikubali haraka, maana mbele kulikuwa na heshima zaidi. Adolphine akarudisha mwanya kuume kwa Kabange, upana wa mtoto mmoja, kisha akawaita wote wamsogelee.

"Leo nawafundisha kitu ya nguvu kushinda zote. Inueni mikono. Mulete karibu na kifua. Karibu, karibu... muache! Musiguse. Mungoye."

Mikono mingi midogo ikakaa hewani. Mtoto mmoja akacheka, mwingine akaanguka kwa kujizuia.

"Tunangoya nani, Mama Adolphine?"

"Muntu alienda kuni."

"Atakuya?"

Adolphine akautazama ule mwanya. "Tunangoya. Ndjo kazi yetu. Halafu nikitikisa kichwa, kofi! Kuni iko njiani!"

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kupiga. Mikono yao ilitaka kwenda. Wengine walijigusa bila kujua, wakaona aibu, wakaanza tena. Adolphine alitembea nyuma yao, akawapigia lile pigo la kimya kwa kidole mgongoni, ili mwili ujue urefu wake bila masikio kulisikia. Alipofika kwa Kabange, hakumgusa. Mikono ya Kabange ilikuwa imetoka ndani ya tiriko. Haikuwa juu bado, lakini ilikuwa imetoka.

Madame Abigaïl alikuja na rula yake, akaketi. "Twende, nasikiliza."

"Moto iko wapi?"

Kimya. Upepo ukatikisa mabati.

Kofi! "Kuni iko njiani!"

Na katika lile kofi moja la wote, Adolphine alilijua la Kabange, kali, kavu, la kwanza kabisa mbele ya mengine.

Madame akavua miwani. "Adolphine. Nilikwambia kwiko tundu, sasa umeifanya kubwa, tundu ya shule muzima!"

"Sasa ni ya bote, Madame. Ulisema bote ao hapana."

Madame akavaa tena miwani. Akawaambia warudie. Akawaambia tena. Safari ya tatu, bila kujua, mkono wake wenye rula ulikuwa umekaa hewani mbele ya kifua.

"Bon," akasema, akiushusha. "Mais bageni bakicheka, ni juu yako."

*

Wageni walicheka. Siku ya proclamation, chini ya maturubai, watoto wote wa manjano waliinua mikono na hakuna kilichosikika, na bwana mmoja mwenye suti akamwambia jirani yake kwa sauti, "Batoto balisahau!" Vicheko vikapita kwenye viti vya plastiki. Adolphine, aliyekuwa amesimamishwa pembeni karibu na ndoo za maji, hakugeuka. Alitikisa kichwa. Kofi likaja.

Safari ya pili vicheko vikapungua. Safari ya tatu havikuwapo. Kule nyuma mama mmoja wa kaskazini alisimama kutoka kwenye kiti, kisha mwingine, wakainua mikono yao mbele ya vifua na kungoja pamoja na watoto.

Kabange alikuwa amevaa yale mashati mawili, moja juu ya jingine. Nkambo ndiye aliyemvalisha. Shingoni kola mbili zilionekana. Kila mara alipongoja, alitazama kuume, na kila mara alipojibu, alijibu akitazama huko.

Baadaye Madame Abigaïl alipeana mikono na wageni. "Ni méthode ya shule yetu," alisikika akisema. "Tunafundisha batoto hata kunyamaza." Hakuna aliyemwita Adolphine karibu na meza ya soda. Alimshika Kabange mkono, na pamoja na Nkambo wakarudi nyumbani kwa miguu, kupitia mashamba makavu ya mahindi.

*

Constantin aliwakuta wameshafika. Alishuka kwenye pikipiki na gunia la samaki begani, vumbi la barabara ya Kasenga limemfanya mweupe nyusi.

"Imeisha?"

"Imeisha," Adolphine akasema.

"Lori..." Akaanza kueleza, akaacha. Alishaeleza lori mara moja katika nyumba hii. Akaweka gunia chini, akabaki amesimama katikati ya ua wake kama mgeni ambaye hakupewa kiti. Halafu akaona kola mbili.

"Mashati ni mbili?"

"Moja ni ya Kyungu," Kabange akasema.

Lilikuwa jina ambalo Constantin hakuwa amelisikia kutoka kinywani mwa mtoto tangu wakati wa mvua. Akachuchumaa. Samaki walimnukia mikononi; akaipangusa kwenye suruali.

"Nionyeshe ile mulifanya."

Kabange akamtazama Nkambo, akamtazama mama yake. Kisha akamshika baba yake mikono miwili, mizito, yenye magamba yaliyokauka, akaivuta mpaka karibu na kifua. Constantin akataka kupiga, kama mtu yeyote angetaka.

"Hapana, papa. Usiguse. Unangoya."

"Nangoya nini?"

"Kyungu. Kifua ni ya yeye."

Midomo ya Constantin ikaanza kutetemeka. Adolphine akamwona, akajua kinachokuja, na kabla hakijafika akaenda akachuchumaa upande wake, akaanza kuimba kwa sauti ndogo, sauti ya ndani ya beseni:

"Moto iko wapi?"

Nkambo Constance aliacha sahani alizokuwa akizipanga, ile ya kwanza na ile ya pili, akajongea. Wote wanne wakainua mikono mbele ya vifua. Katikati ya baba na mtoto palikuwa na nafasi, upana wa mtoto mmoja, na hakuna aliyesogea kuijaza.

Wakangoja.